Kidole Gumba Kwenye Mfupa

Kabondo, Ijumaa, baada ya sala ya mchana

Anifa mwanangu,

Habari za sanduku, za ndizi za makemba za kula njiani na za wezi wa botini utazipata kwa mama yako. Ameanza kuzisema tangu jana na bado hajafika nusu. Mimi nina jambo jingine. Nitaiweka barua hii juu ya sanduku lako, na nakuomba uisome kesho kabla hatujatoka kwenda bandarini. Usiisome ukiwa umeshapanda boti. Nataka uisome wakati bado unaweza kuniambia nibaki nyumbani.

Leo tulipokuwa tunakula umenipangusa chai kidevuni. Umefanya hivyo tangu ukiwa na miaka saba au minane: unapitisha kitambaa haraka, bila neno, ili wageni wasione. Unadhani ni uzee. Lakini ilianza kabla hujazaliwa, nikiwa kijana mwenye nguvu zangu. Nusu ya mdomo wangu wa chini, upande wa kulia, haisikii kitu. Chai inashuka na mimi sijui. Nikinyoa, naona damu kwenye kioo kabla sijajua kwamba wembe umenikata.

Na jina lako. Umeniuliza mara nyingi kwa nini unaitwa Anifa, wakati jina hilo halimo kwa ndugu zangu wala kwa ndugu za mama yako. Kila mara nilikujibu kwamba ni jina zuri. Mdomo huu na jina hilo ni habari moja. Kwa kuwa unakwenda Kinshasa kujifunza meno, utatia mkono katika vinywa vya watu, na sitaki uanze kazi hiyo kabla hujajua mkono wa papa yako ulifanya nini.

Unalikumbuka taya lililokaa ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati langu. Ulipokuwa mdogo nilikukataza kuligusa. Nilipewa na yule daktari mzungu wa meno, niliyekuwa msaidizi wake kabla ya uhuru, mji wetu huu ukiwa bado unaitwa Stanleyville. Nilikuwa nimemaliza sekondari, najua kuandika vizuri, na alinichukua kwa ajili ya kuandika majina ya wagonjwa. Baadaye alianza kunifundisha. Alikuwa amepitisha waya wa shaba ndani ya taya lile, akaupaka rangi nyekundu, akaniambia: huu ndio neva. Mfupa ni nyumba tu, jifunze njia.

Nikajifunza njia. Walimu wako watakuonyesha katika vitabu vyenye picha, lakini nataka uipate kwangu kwanza. Neva ya taya la chini inatoka ndani ya fuvu kwa tundu lenye umbo la yai, mbele kidogo ya sikio, mahali ambapo kidole hakifiki. Ikitoka tu inagawanyika. Baadhi ya matawi yanakwenda kwenye misuli ya kutafunia, na ndiyo yanayokufanya uume. Tawi moja linarudi nyuma likapanda mbele ya sikio mpaka panja. Ndiyo maana mtu mwenye gego bovu atakuja ameshika sikio na kukuapia kwamba jino lake halina neno. Tawi jingine linakwenda shavuni, jingine kwenye ulimi. Na moja, lile la waya mwekundu, linashuka upande wa ndani wa taya mpaka kwenye kitundu kilichofunikwa nusu na kiulimi chembamba cha mfupa. Linaingia humo gizani, linapita chini ya mizizi ya magego yote, linaliachia kila jino uzi wake, halafu linatoa mkono nje, chini ya meno madogo ya kutafunia, na kuenea kwenye mdomo na kidevu.

Kwa hiyo ukitaka kung'oa gego bila maumivu, unaweka dawa ya ganzi pale mlangoni, kabla neva haijaingia kwenye mfupa. Hapo mdomo nao unakufa kwa saa chache. Jino liko nyuma, mdomo uko mbele, lakini njia ni moja.

Mlango huo huuoni kwa macho. Unaupata kwa mkono. Unaingiza kidole gumba cha kushoto kinywani, unakiegemeza kwenye ukingo wa mbele wa taya, unatafuta pale ulipobonyea. Ukucha wako ndio unaokuambia sindano iingie kimo gani. Nilifanya hivyo juu ya mfupa mkavu kwa miezi mingi kabla sijaruhusiwa kugusa mtu. Daktari yule alinipiga kofi mkononi kila nilipojaribu kukisia kwa macho.

Uhuru ulipokuja, na vurugu zilizoufuata, aliondoka kwa ndege akiwa na begi moja. Aliniachia funguo, viti viwili, koleo, na kopo lile. Toka siku hiyo watu wakaniita docteur. Sikuwakatalia.

Kliniki ilikuwa na mfanyakazi mwingine mmoja, mama wa usafi. Aliitwa Anifa. Alikuwa mjane, Mwislamu kama sisi, anakaa Mangobo na dada yake. Mdomo wake haukuwa na breki. Kila asubuhi alifungua kopo, akalipangusa taya kwa kitambaa, akalisalimia kama mjomba wake.

"Jambo, Tonton. Umelala je? Docteur hapa hajakupatia chai?"

"Mama Anifa, acha mfupa wa watu."

"Mufupa wa watu? Eh! Huyu iko mutu, kabisa. Iko na meno mingi kuliko miye."

Na kweli alikuwa amebakiwa na meno machache, mengine yote nilimng'oa mimi. Alisema nang'oa mengi kuliko mahindi, kwamba siku moja nitajenga nyumba ya meno pale karibu na maporomoko na sitapata mke wa kulala humo. Nilikuwa kijana mwenye kujiheshimu na maneno yake yaliniudhi. Leo ningetoa kitu chochote kuyasikia tena.

Miaka minne baada ya uhuru, waasi wakaingia mjini. Unajua habari hizo kwa jumla, sitazirudia. Jambo moja tu lazima ulijue ili uelewe. Wapiganaji wao walikuwa wamemwagiwa maji ya dawa yaliyowalinda na risasi, na maji hayo yalikuwa na miiko. Mwiko mkubwa ulikuwa huu: mpiganaji asiguswe na mtu ambaye hakumwagiwa, na zaidi asiguswe na mwanamke. Akiguswa, dawa inatoka, na kinachotokea baada ya hapo hakuna anayejua.

Asubuhi moja akaja kapiteni wao mmoja, Alphonse, na wapiganaji wawili nyuma yake wenye bunduki. Alikuwa mtu wa mtoni, wa huko Isangi, mpole wa sauti, zamani alikuwa karani kama mimi. Alikuwa amejifunga kitambaa sikioni.

"Docteur, sikio yangu iko nauma. Siku ine sijalala."

Nikamwambia afungue kinywa. Gego la mwisho, chini kulia, lilikuwa limeoza mpaka ndani, na ufizi umevimba. Nikanyanyua mkono wa kushoto. Bunduki moja ikasogea.

"Weye hapana gusa miye," akasema Alphonse. "Tumikisha chuma tu. Chuma iko sawa. Mukono, hapana."

Hapo ndipo nilipokosa, Anifa, na nilijua kwamba nakosa. Ningeweza kusema: kapiteni, bila kidole changu kwenye mfupa siwezi kupata mahali. Ningeweza kusema nitang'oa bila ganzi. Alikuwa karani, angeelewa. Lakini niliogopa, na juu ya woga kulikuwa na kiburi: sikutaka kuonekana docteur asiyejua. Nikapeleka sindano kwa macho.

Iliingia mbali kuliko kawaida. Kisha mwili wake wote uliruka, na macho yakamtoka.

"Moto! Moto kwenye mudomo!"

Uweke jambo hili kichwani. Mgonjwa akiruka namna hiyo, akasema moto umempiga mdomoni au kwenye ulimi, ni neva yenyewe inayokuambia: umenigusa. Unasimama. Unarudisha sindano nyuma. Husukumi dawa. Mimi nilisikia bunduki ikifanya kelele ndogo nyuma ya shingo yangu, na nikasukuma, dawa yote, haraka, ili imalizike.

Gego lilitoka vizuri. Alphonse alifurahi, hakusikia kitu. Alipoinuka kitini kizunguzungu kikamshika, akayumba. Mama Anifa alikuwa anaingia na ndoo yake. Aliweka ndoo chini, akamshika kiwiko kama ambavyo angemshika mtu yeyote.

"Pole, papa. Ikala kwanza, utaanguka."

Maji kwenye ndoo yalikuwa bado yanatikisika, nakumbuka nilikuwa nayaangalia. Alphonse akakitazama kiwiko chake, akatoa mkono taratibu, akatoka. Mama Anifa akaniuliza nimefanya nini mpaka watu wawe kama wanaona maiti.

Shajara yangu unaijua, hata kama hujawahi kuifungua. Nimeifungua jana. Siku ile nimeandika: "Jumatatu. Mgonjwa mmoja. Gego la mwisho, chini kulia. Limetoka zima." Basi. Hakuna sindano, hakuna moto, hakuna kiwiko.

Alirudi Alhamisi, na wale wale wawili. Alikuwa na kioo kidogo cha mfukoni. Alikaa kitini bila kuambiwa, akajitazama muda mrefu, akaugonga mdomo wake kwa kucha.

"Docteur. Nusu ya mudomo yangu iko wapi?"

Nikamwambia inaonekana ipo.

"Naiona. Lakini haiko. Nakula, najiluma, sisikii. Usiku naamuka nafikiri mutu mwingine analala juu ya muto pamoja na miye, kumbe ni mudomo yangu." Akafunga kioo. "Dawa yako inakaaga saa ngapi?"

"Saa tatu. Nne."

"Leo ni siku ya ine. Alors, haiko dawa yako."

Mama Anifa alikuwa mlangoni, na kitambaa mkononi. Nilimwona. Nilijua kapiteni anakwenda wapi na maneno yale, kama vile unavyojua mtu anaelekea wapi ukimwona kwenye njia isiyo na njia panda.

Nikasema: "Ndiyo, kapiteni. Si dawa yangu."

Ni hayo tu niliyosema. Nimeyapima maneno hayo miaka yote hii. Kwa upande mmoja ni kweli: dawa huisha, kilichomuumiza ni ncha ya sindano, ni mkono wangu. Nilichagua maneno ambayo ningeweza kujitetea nayo, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi. Hata katikati ya woga nilikuwa na nafasi ya kuchagua maneno.

Alphonse hakupaza sauti. Aliwanyooshea mkono wale wawili, nao wakageuka mlangoni. Mama Anifa hakulia na hakuniomba. Alinitazama kidogo, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa mbali. Halafu akatandaza kitambaa chake kwenye kizingiti cha dirisha ili kikauke, akasema:

"Docteur, Tonton nimeshamupangusa."

Wakatoka naye kuelekea mtoni. Hakurudi. Hakuna aliyewahi kuniambia mahali.

Sasa nakuandikia jambo ambalo sijui jinsi ya kulieleza, nawe usijaribu kunielezea. Asubuhi iliyofuata sakafu ya kliniki ilikuwa imepigwa deki. Ilikuwa mbichi bado, na taya limepanguswa. Asubuhi ya pili vilevile. Funguo nilikuwa nazo mimi peke yangu. Niliacha kulala kwa sababu hiyo, mpaka nilipofungua shajara na kukuta, kwa mwandiko wangu, kwa wino wangu: "Ijumaa. Nimepiga deki. Nimempangusa Tonton." Na Jumamosi vilevile. Mwandiko ni wangu, herufi zimepangwa vizuri kama kawaida yangu. Mimi sikumbuki kuandika, wala kushika kitambaa. Kitambaa chenyewe kilikuwa dirishani, kikavu, kimetandazwa kama alivyokiacha.

Wiki kadhaa zikapita kabla Alphonse hajaja tena. Mara hii alikuwa peke yake. Alikuwa amekonda, na upande wa kulia wa mdomo wake ulikuwa na vidonda vya mviringo, vingine vibichi. Alikuwa anavuta sigara mpaka mwisho na kuizimia pale pale, kuona kama atasikia kitu. Akakaa kitini.

"Tuliondosha ule aliyenigusa," akasema. "Na mudomo haikurudi."

Akapitisha ukucha juu ya vidonda.

"Bon. Basi hakuwa yeye."

Akacheka. Nusu ya mdomo ilicheka, nusu nyingine ilitulia kama ya mtu aliyelala. Nilidhani nimekwisha. Nikamuuliza, sijui ujasiri ulitoka wapi, kama ataniua.

"Nikikuua, nani atanitolea meno ingine?"

Kisha akainuka, akanijia karibu, na akafanya kitu ambacho kwake kilikuwa ni mwiko. Alinyoosha mkono, akaweka kidole gumba chake kwenye mdomo wangu wa chini, upande wa kulia, akabonyeza. Si kwa nguvu. Kidole kilikuwa cha baridi kama chuma kilichokaa usiku nje.

"Chunga yako," akasema.

Akaenda zake. Haukupita muda, ndege zikaja, askari wakashuka kutoka angani, na mji ukatoka mikononi mwa waasi. Sikumwona tena, na hakuna aliyeniambia kama yu hai.

Nilianza kuijua ganzi yangu juma lile lile aliponigusa, wakati wa kunyoa. Nimejipima, mwanangu. Mimi ni mtu wa utaratibu. Nimechukua sindano nikajichoma alama kwa alama, nikachora mpaka wa ganzi kwenye karatasi. Unafuata njia ya waya mwekundu sawasawa, kutoka katikati ya kidevu mpaka pembe ya mdomo, bila kuzidi. Hakuna aliyenikata. Hakuna aliyenichoma. Utajifunza mengi huko Kinshasa, na siku utakapoona jina la ugonjwa huu kwenye kitabu, sitaki uniandikie.

Ulipozaliwa nilimwambia mama yako uitwe Anifa. Akaniuliza ni nani, nikasema ni mama mmoja wa kazini. Aliniangalia, hakuuliza tena. Nawe ulipokua nilikuwa nakutuma Mangobo kununua makala, yaani makaa ya kupikia, nawe unalalamika: Papa, makala iko hapa hapa Kabondo, miguu yangu iko nauma. Yule mama wa makala, mwenye shungi la buluu, ndiye dada yake. Mara ya kwanza nilikwenda nikitaka kumwambia. Nilisimama mbele ya magunia yake, nikauliza bei, nikalipa, nikarudi. Baada ya hapo nikaendelea hivyo hivyo, na nilipoona siwezi nikakutuma wewe. Nilikuwa nampelekea jina la dada yake na kapu. Alikuita mara ngapi "somo wa dada yangu", bila kujua anasema nini?

Jumanne ya juma hili nilikwenda mwenyewe, nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia hapa. Alikuwa anajaza gunia langu wakati naongea, akaendelea kulijaza mpaka juu, akalifunga kamba, akalibana fundo kwa meno. Akanirudishia pesa zangu.

"Beba," akasema. "Na usikuje tena."

Nikabeba. Wewe usiache kwenda kwake ukiwa likizo, akikukubali. Mimi amenikatalia na ni haki yake.

Taya hutalikuta kwenye kopo. Ulidhani nitakupa uende nalo, na wanafunzi wenzako wangekuonea wivu. Lakini lile lilikuwa taya la mtu, mweusi kama sisi, na hakuna aliyemwuliza. Jana alfajiri nililisafisha, nikalifunga kwa kitambaa cheupe na kulizika nyuma ya nyumba. Kitambaa kile cha dirishani nilikuwa nimekitunza, nikakiweka juu yake. Sina mwili wa Mama Anifa. Nilisoma dua mara mbili, moja ya Tonton na moja yake, kisha nikataka kusoma ya tatu, na sikujua iwe ya nani.

Ndani ya bahasha hii kuna waya. Niliuchomoa polepole kabla ya kuzika, nao umebaki umejikunja vilevile, kama taya bado lipo: unashuka, unaingia, unapita chini ya magego yasiyokuwepo, unatoka. Ukiunyanyua mbele ya macho yako utaiona njia nzima bila nyumba. Usiogope siku ambayo huijui njia. Uogope siku utakayokatazwa kuweka kidole kwenye mfupa, nawe ukapeleka sindano hivyo hivyo. Na kabla ya kumtia mtu ganzi mwambie, kwa maneno yake, kwamba mdomo utakufa kidogo kisha utarudi. Mdomo usiporudi, mwambie ni mkono wako. Mwambie wewe kabla hajaanza kumtafuta mwingine.

Mama yako ananiita, anasema kamba ya sanduku ni fupi. Naenda kuiunga.

Kesho, kama utanikubalia kukusindikiza, tutakunywa chai kwanza pale bandarini kama watu wote. Nitaimwaga, unajua nitaimwaga. Usinipanguse, Anifa. Usinifiche mbele za watu. Niambie tu, kwa sauti: Papa, chai iko inashuka. Nami nitanyanyua mkono wangu mwenyewe.

Papa yako